Baiskeli mtaroni, shangingi barabarani: mpaka lini?

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Chake Chake

HONI ya gari huku kwetu Pemba ina tafsiri moja tu: toka! Haisemi samahani, haisemi napita, haisemi tahadhari. Inasema toka, tena upesi, na ukichelewa shauri yako. Kengele ya baiskeli nayo ina tafsiri yake: naomba. Wasomaji mniambie, tangu lini "naomba" ikaishinda "toka"?

Miezi mitatu nyuma nilikuwa natoka Gombani kurudi mjini Chake. Jua linazama, Magharibi haijaadhiniwa. Kwenye keria nimefunga mfuko wenye daftari na kamera ya kuazima, maana kazi ya mwandishi asiye na mshahara ndiyo hiyo, unaifuata habari kwa miguu yako na unalipwa ikichapwa. Nyuma yangu gari kubwa jeupe, vioo vyeusi. Honi. Mimi niko ukingoni kabisa mwa lami, zaidi ya pale ni mtaro. Honi ya pili. Mbele inakuja daladala imejaa hadi mlangoni. Mwenye gari hakungoja. Kioo chake cha pembeni kilinipiga bega la kulia, nikaingia mtaroni mimi chini na baiskeli juu.

Gari halikusimama. Walionitoa ni vijana wawili waliokuwa wamepakia majani ya ng'ombe kwenye baiskeli zao. Mmoja wao alicheka, akaniambia, "Pole kaka, leo zamu yako." Yaani kwao kutupwa mtaroni ni zamu, kama zamu ya kuteka maji!

Nilipokwenda kuripoti, aliyehojiwa nilikuwa mimi. Taa unayo? Breki zinashika? Ulikuwa upande gani? Namba ya gari umeishika? Taa sikuwa nayo, nasema kweli. Breki ya nyuma inashika, ya mbele hushika inapotaka. Namba ya gari sikuiona, kwa sababu nilikuwa natazama matope. Lakini katika maswali yote yale sikuulizwa lile moja ambalo ndilo kiini cha jambo: barabara ile ilikuwa na pahala pako?

Haikuwa napo. Barabara zetu nyingi za zamani kisiwani humu ni lami ya magari mawili kupishana kwa shida, kisha ukingo uliomegeka, kisha mtaro. Kati ya hapo na hapo hapana hata upana wa mkeka. Mwenye baiskeli anaishi juu ya ule ukingo uliomegeka. Ukimjia lori la mchanga nyuma na Noah mbele, anachagua mwenyewe afe wapi.

Sasa hebu tujiulize huyo mwenye baiskeli ni nani, maana wakubwa wakizungumza habari zake utadhani ni mtoto mtundu aliyetoroka skuli. Pemba kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya 540,000. Katika hao, wenye gari yao wenyewe unawajua kwa majina mtaani kwako. Waliobaki wanapanda daladala, wanapanda bodaboda, wanakwenda kwa miguu, na wanapanda baiskeli. Samaki anayeliwa Wete asubuhi kafika sokoni kwenye tenga nyuma ya baiskeli. Ndizi, muhogo, kuni, majani ya ng'ombe, magunia ya mkaa, dema za kuvulia, vyote hivyo vimepita barabarani juu ya magurudumu mawili. Mwalimu wa skuli ya shamba anafika darasani shati limeloa jasho. Mjamzito hupakiwa nyuma ya keria alfajiri kupelekwa kituo cha afya, mume anasukuma kilima na kuteremka kwa kuomba Mungu.

Na karafuu! Tangu kimbunga cha 1872 kilipoifagia mikarafuu ya Unguja na kutuachia sisi ya kwetu, kisiwa hiki ndicho kilichobeba jina la Zanzibar kwa karafuu ulimwenguni. Karafuu mbichi inatoka kondeni kwa kichwa na kwa baiskeli. Kavu inakwenda kituoni kuuzwa kwa njia hiyo hiyo kwa wengi wetu. Mnunuzi halali ni mmoja, ZSTC, shirika la Serikali. Kwa miongo mingi mkulima alipewa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia na kilichobaki kikaendesha Serikali. Wazee wetu wanalijua hilo bila kuonyeshwa hesabu.

Nalitaja hilo kwa sababu kuna hoja moja inayonichefua kila nikiisikia. Dereva mmoja wa daladala pale stendi ya Chake, mtu ninayemheshimu na ambaye amenibeba bure mara nyingi, aliniambia: "Mdogo wangu, nyie wa baiskeli hamlipi rodi laisensi, hamlipi bima, hamnunui mafuta. Barabara mnaitakia nini?" Wenziwe wakapiga makofi.

Nikamjibu pale pale na leo namjibu kwa maandishi. Serikali ilipoingia mkataba na kampuni ya Propav kujenga barabara, tuliambiwa hesabu kwa kilomita: Tunguu hadi Makunduchi 48, Fumba hadi Kisauni 12, na huku kwetu Mkoani hadi Chake Chake 43.5. Fedha zikatoka kwenye mkopo wenye dhamana ya Serikali ya Uingereza. Mkopo unalipwa na nani? Na Hazina. Hazina inapata wapi? Kwa sukari, kwa sabuni, kwa vocha ya simu, kwa saruji, kwa karafuu ya baba yangu. Deni halimuulizi mtu kama ana gari. Linamlipisha mwenye shangingi na linamlipisha mwenye Phoenix ya mwaka arubaini na saba iliyofungwa kwa waya. Kama tunalipa sote, basi kipande changu kiko wapi?

Hapa nataka niseme jambo ambalo halitawapendeza wapiga ngoma. Barabara nzuri ni neema, hapana anayekataa. Waliokula vumbi na matope ya barabara ya Chake–Wete miaka ile ya mashimo wanajua. Lakini barabara nzuri isiyo na pahala pa baiskeli ni hatari kuliko mbovu. Usishangae. Kwenye mashimo gari lilikwenda polepole kwa sababu lilikuwa linaogopa chemchem zake. Kwenye lami mpya dereva anakanyaga. Shimo lilikuwa askari wetu wa barabarani pekee aliyefanya kazi usiku na mchana bila posho! Mkimwondoa, mtuletee mwengine.

Wala si Pemba tu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilihesabu watu milioni 1.19 waliokufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani wasio na bati la kuwakinga. Kabwela wa Micheweni na kabwela wa Dhaka wanakufa kifo kimoja.

Wapo wanaosema dawa ni nyepesi: chora mstari mweupe, andika "baiskeli", kila mtu akae pake. Nami nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipokwenda Dar es Salaam kwa shughuli za familia, nikaazima baiskeli ya binamu yangu anayekaa Ubungo nikaifuata njia ya baiskeli ya Barabara ya Morogoro hadi Magomeni. Naomba msomaji anifuate safari hiyo, maana ndani yake mna somo letu.

Mabasi ya Mwendokasi yalianza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, kilomita 20.9. Pembeni mwake zikajengwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Zimejengwa kweli, tusiwanyime haki yao. Na hazikushuka kutoka mbinguni. Kuna umoja wa wapanda baiskeli wa Dar, UWABA, ambao ulianza kudai nafasi hiyo miaka mingi kabla basi la kwanza halijapita.

Basi nikaingia. Dakika ya kwanza raha tupu, nikasema huku ndiko kuendelea. Dakika ya pili bodaboda ananijia usoni, kapakia watu wawili, ananipigia honi nimpishe kwenye njia yangu! Nikampisha. Mbele gari ndogo imeegeshwa, mwenyewe yuko ndani anaongea na simu, magurudumu mawili yapo njiani kwangu na mawili uani kwa watu. Nikateremka, nikasukuma. Mbele zaidi, Manzese, pamepangwa viatu vya mtumba, chaja za simu, ndoo za machungwa. Namlaumuje yule kijana wa machungwa? Ana njaa kama mimi. Nikateremka tena. Kila palipo na mchepuko wa kuingia mtaani, gari linakata bila kutazama, kana kwamba njia ile ni pambo. Nikahesabu, kutoka Ubungo hadi Magomeni niliteremka mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nikachoka, nikaingia barabara kuu pamoja na malori. Huko nikapigiwa honi na dereva aliyetoa kichwa nje: "We, njia yenu si ile pale?"

Hebu liangalieni jambo hilo. Njia imeporwa, na aliyeporwa ndiye anayelaumiwa kwa kutoitumia.

Na jiji hilo hilo lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, hiyo ya kimataifa, kwa ajili ya mradi huo huo. Tuzo ikapokelewa Washington, picha zikapigwa. Sisemi haikustahili, mabasi yamewasaidia watu wengi. Nasema pale jukwaani nisingemwona mtu aliyeteremka mara kumi na moja.

Nikakaa kituoni Magomeni nakunywa maji, nikatafakari. Njia ya basi na njia ya baiskeli zimejengwa na mkandarasi mmoja, siku moja, kwa fedha za mfuko mmoja. Kwa nini ya basi haina viatu vya mtumba? Kwa sababu ina ukuta wake wa zege, na anayeingia humo akikamatwa anakiona. Askari yupo, faini ipo. Njia ya baiskeli inalindwa na nani? Na rangi. Rangi hainyanyui mkono, haiandiki faini, na baada ya mvua za masika mbili haipo.

Kwa hiyo wakubwa wa barabara wakija Pemba na ndoo ya rangi nyeupe wakituambia haya tumewapa, tusiwapigie vigelegele. Hiyo ni danganya toto.

Sasa nigeuke kidogo kwetu sisi wenyewe, maana mwandishi anayesema upande mmoja tu ni mpambe. Siye wapanda baiskeli tuna aibu zetu. Tunakwenda usiku hatuna taa, hatuna hata kipande cha kioo chekundu nyuma. Tunakwenda wawili wawili sambamba tunapiga soga za Yanga na Simba. Tunapakia mtoto kwenye bomba, mwengine kwenye keria, na gunia juu ya mtoto. Tunatokea kichochoroni bila kuangalia. Yule dereva wa stendi aliniambia jambo jengine ambalo lilinigusa: anapotoka Konde usiku, kinachomtisha si kona wala mvua, ni mzee mwenye kanzu nyeusi na baiskeli nyeusi kwenye giza jeusi. "Nikimgonga," alisema, "nitalala vipi?" Huyo ni mtu, si jini. Madereva wengi ni watu. Hao hao wakishuka kwenye usukani wanapanda baiskeli zao kwenda shamba.

Na njia ikijengwa, najua nani atakuwa wa kwanza kuivamia, wala hatakuwa mwenye shangingi. Atakuwa mama yangu mzazi. Msimu wa karafuu ukifika na jua likiwaka, ataona lami safi, pana, haipiti gari, atatandika majamvi yake pale na kuanika. Na mimi nitaambiwa, "Zunguka mwanangu, usinikanyagie karafuu." Sijui nitafanya nini siku hiyo. Lakini hilo ni la kuzungumzwa na sheha na wenye vipando, pahala pa kuanikia papatikane. Haliwezi kuwa kisingizio cha kutojenga.

Maana kisingizio ndicho kinachopendwa. Tutaambiwa baiskeli ni ya maskini, nchi inakwenda mbele, baada ya miaka kumi kila mtu atakuwa na gari. Waholanzi nao waliambiwa hivyo. Leo ukitaja Uholanzi unaona baiskeli, unadhani wamezaliwa nazo. Si kweli. Baada ya vita kuu ya pili waliyajaza magari mijini, wakavunja nyumba kuyapanulia njia, na baiskeli ikasukumwa pembeni kama yetu. Mwaka 1971 barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, na watoto peke yao walikuwa zaidi ya 400. Mmoja wa watoto waliokufa alikuwa binti wa mwandishi wa gazeti, Vic Langenhoff. Mwaka uliofuata baba huyo alikamata kalamu akaandika makala katika gazeti la De Tijd yenye kichwa kinachosema, kwa Kiswahili chetu, komesheni mauaji ya watoto. Kichwa hicho kikawa jina la harakati. Akina mama na watoto wakatoka, wakakaa katikati ya njia, wakaziba barabara kwa miili yao na baiskeli zao. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei duniani, Serikali yao ikafunga magari siku za Jumapili, watu wakaonja mji usio na honi. Polepole zikaja njia zenye kingo, zenye taa zake, zisizoingilika kwa gari.

Kwa hiyo hata kwa matajiri njia ya baiskeli ilitolewa kwa kudaiwa. Na wao walikuwa na gari. Siye hata hizo hatuna!

Nasikia mtu anauliza, haya kijana, unataka nini hasa? Nataka mambo ya kawaida kabisa. Nje ya miji, kila barabara kuu inayojengwa au kufumuliwa upya Pemba iwe na nafasi ya baiskeli kila upande, kwa uchache mita moja na nusu, na kati yake na magari pawe na ukingo wa zege ambao tairi ikiugusa dereva anaamka. Si rangi. Mtaro ufunikwe au usogezwe mbali, usiwe kaburi lililochimbwa kabla ya maiti. Mbele ya kila skuli pawe na matuta, na tuta liachiwe mwanya pembeni baiskeli ipite bila kumrusha mtoto.

Ndani ya mji wa Chake mambo mengine. Pale kilimani, sokoni, njia ni nyembamba na nyumba zimekaa toka enzi za wazee wetu, hapana pa kuchonga njia ya tatu na mimi sitaki nyumba ya mtu ivunjwe. Pale dawa ni mwendo. Azimio la Stockholm la Februari 2020, ambalo Umoja wa Mataifa uliliunga mkono mwaka huo huo, linataka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale watu na magari wanapochanganyika. Thelathini tu. Kutoka mwanzo wa soko hadi mwisho wake utachelewa kiasi gani, bwana mkubwa? Muda wa kumeza tende.

Na taa. Mnatutoza kosa la taa, sawa, ni kosa. Basi ondoeni ushuru kwenye taa za baiskeli na viakisi mwanga, viuzwe bei ambayo mkata majani anaimudu. Mkulima wa karafuu akenda kuuza, apewe na kioo chekundu cha kubandika nyuma. ZSTC inajua kumfuata mkulima hadi kondeni ikitaka karafuu yake. Na imfuate na taa.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nikae nikaandika. Wiki mbili zilizopita nilikwenda afisi moja ya umma, jina nalihifadhi, nikaomba kuonyeshwa michoro ya barabara: upana wa lami, upana wa pembeni, mtaro unakaa wapi. Si siri ya jeshi hiyo! Nikaambiwa mhusika kaenda Unguja. Nikarudi. Mhusika yuko kikaoni. Nikarudi mara ya tatu, bega bado linauma, kijana wa mapokezi akaniambia kwa upole tu, "Michoro si ya kila mtu, ndugu yangu." Nikatoka. Nje pale mlangoni mwa afisi pameegeshwa gari nne, zina kivuli na mlinzi. Baiskeli yangu niliambiwa niiondoe ukutani, inachafua rangi.

Basi nimeazima futi ya kupimia kwa fundi seremala, ile ndefu ya mita thelathini. Wale vijana wawili wa majani ya ng'ombe wamekubali kuja nami, mmoja ashike ncha na mmoja atazame magari. Tutaanzia bandarini Mkoani alfajiri, tutapima upana wa pembeni kila baada ya kilomita moja hadi Chake, kulia na kushoto, na kila nambari nitaileta hapa ichapwe. Mwenye baiskeli anayetaka kufuatana nasi aje. Mwenye gari vilevile, ila aje nyuma yetu, na honi aiache nyumbani.